Cherehani ya Muosha

Akija kukutazama ukiwa mgonjwa, haingii moja kwa moja. Husimama nje ya mlango, akapiga hodi, kisha akapaza sauti ili nyumba nzima isikie, na jirani wa pili asikie: "Sijaja kazini! Nimekuja kutazama tu!" Hapo wenye nyumba hucheka, na mgonjwa, kama nguvu ya kucheka anayo, hucheka pia. Naye huingia na kichana chake cha ndizi mbivu, akaketi miguuni pa kitanda, akalalamika juu ya uvivu wa watoto wa siku hizi mpaka mgonjwa anaona afadhali apone.

Jina lake silitaji, na hapa Kengeja ni wachache wanaolikumbuka. Watu wazima humwita Bibi. Watoto humwita Bibi akiwa karibu na Muosha akiwa mbali. Kazi yake ni kuosha maiti wa kike. Ukuta wa ua wake na wa ua wangu ni mmoja, na mimi, mwanamke mwenzake, ndiye ninayesomesha darsa ya wanawake baada ya sala ya alasiri, kwa hiyo yeye na mimi tumekutana misibani, darsani na ukutani kwa miaka mingi. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa jirani huyu. Namshukuru hata kwa zile siku alizonichosha, na hizo si chache.

Watoto wana methali yao kwa ajili yake, nanyi mnaijua. Akipita barabarani, mmoja hujificha nyuma ya mgomba na kusema, "Mwosha huoshwa!" Yeye hageuki. Hujibu huku anakwenda zake: "Na msemaji huoshwa pia, tena yeye husuguliwa mdomo!"

Hawapendi watoto. Nasema hivi kwa sababu wanaosimulia habari za watu wema hupenda kuwafanya wawe wema kila upande. Huyu watoto wanamuudhi. Kelele zao, mikono yao yenye maembe, maswali yao. Kuzaa hakujaaliwa, na sijamsikia hata siku moja akilalamika. Lakini kazi iliyomchosha vidole na kumdhoofisha macho aliifanya kwa ajili ya watoto, na ni kazi ambayo watu wazima wa mji huu walimkataza.

Nieleze kwanza ada yetu, kwa sababu pasi na hiyo hutamwelewa.

Kwetu, mwanamke akifariki, muosha hapewi ujira wa kutajwa. Hupewa nguo. Zile alizofia marehemu ni zake, na zile khanga zilizoshikwa juu kumsitiri maiti anapooshwa ni zake, na mara nyingi watu wa nyumba huchukua na nyingine kutoka kabatini wakazifunga pamoja, kwa sababu hakuna anayetaka kuziona. Si ukarimu peke yake. Kuna na hofu ndani yake. Watu hutaka kitu kile kiondoke, na muosha ndiye mlango wa kukitolea. Muosha wetu alikuwa na makasha yaliyojaa khanga asizozivaa. Yeye mwenyewe huvaa zile zile tatu nne, akizifua kwa zamu.

Siku moja darsani nilikuwa nasomesha mirathi. Nikasema kwamba mtu akifa, kila alichokiacha kina wenyewe, hata kitambaa, na kwamba warithi wakubwa wakiridhia kutoa fungu lao ni halali yao, lakini fungu la mtoto mdogo haliwezi kutolewa na shangazi wala mjomba, wala ada haiwezi kulihalalisha. Nilikuwa nafikiria mashamba ya mikarafuu. Yeye alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, anapokaa siku zote. Akasimama.

"Mwalimu, na nguo?"

"Na nguo, dada."

"Basi mie n'nakula mali ya mayatima."

Nikamwambia kuwa hakuna anayemlaumu, kwamba alipewa, naye akapokea kwa nia njema. Akasema, "Sikuuliza lawama. Nimeuliza mali." Akachukua viatu vyake akaenda.

Jambo la kwanza alilofanya lilishindikana. Alibeba mafurushi nyumba kwa nyumba kurudisha, na kila nyumba ikamkimbia. Wengine walimwambia kwa adabu, "Hicho chako, Bibi." Wengine walifunga mlango. Mwanamke mmoja alimwagia maji kizingiti baada ya yeye kuondoka. Akarudi na mafurushi yote, akaketi ukutani kwangu akihema.

"Nguo hawazitaki," akasema. "Lakini baridi ya kipupwe wanaijua?"

Hivyo ndivyo alivyoanza kushona mifarishi ya kujifunikia. Alichagua khanga za mama wa watoto fulani, akazikata viraka, akaviunga viraka hivyo mpaka vikawa shuka moja, akaweka blanketi kuukuu katikati na shuka jeupe chini, akazipitisha zote tatu kwa sindano ya mkono, mstari kwa mstari. Mwanzo alijaribu kujaza sufi, kama tunavyojaza mito, lakini sufi ilikimbilia pembeni ikafanya mabonge. Blanketi halikimbii. Mfarishi ukimalizika, aliupeleka kwa watoto wenyewe, si kwa wakubwa wao, akawaambia kwa sauti yake ile ile ya ugomvi: "Cha mama yenu hiki. Msikikojolee."

Maneno yalianza mara moja. Mfarishi wa maiti. Utawaletea watoto ndoto mbaya. Utavuta kifo nyumbani. Wengine wakanijia mimi nimkanye, kwa kuwa ni mwanafunzi wangu. Nikawaambia nilichosomeshwa na nitakachoulizwa: mwili wa Mwislamu si najisi, akiwa hai wala akiwa amekufa, na khanga iliyofuliwa ni khanga. Wakasema, "Tunajua, Mwalimu, lakini…" Hiyo "lakini" yao nimeisikia maisha yangu yote, na sijaiona katika kitabu chochote.

Yeye aliwajibu kwa njia yake. Kulikuwa na bibi mmoja aliyemsimamisha njiani, akamwambia watu hawalali na vitu vya wafu. Muosha akamuuliza, "Kitanda chako ulikinunua wapi?"

"Cha marehemu baba."

"Alifia wapi?"

Yule bibi akashika njia yake.

Ana ulimi, lakini kuna mambo ulimi wake hauyagusi. Muosha huona kila kitu: makovu, uvimbe uliofichwa, mwili uliokonda kwa njaa katika nyumba inayojisifu. Hajasema. Nimewaona wanawake wakimchokonoa baada ya mazishi, wakimsogezea kahawa na kashata. "Eti marehemu alikuwa na nini pale ubavuni?" Naye hujibu, "Alikuwa na mwili," akanywa kahawa yake. Asubuhi za baridi huyatia maji moto kidogo kabla ya kumwaga. Niliwahi kumwambia kuwa maiti hahisi baridi kama sisi. Akasema, "Mie nahisi."

Na mtu huyu, asiyeogopa kubaki peke yake chumbani na maiti, anaogopa umeme. Nyumbani kwake ipo taa moja. Huiwasha kwa kidole kilichozungushiwa upindo wa khanga, uso ameugeuzia ukutani. "Kitu kinapita ndani ya ukuta, nami sikioni," husema, "halafu mnaniambia nisiogope."

Ndiyo maana nilishangaa siku aliponiambia anataka cherehani.

Sababu ilikuwa mama mmoja wa mtaa wetu, mgonjwa wa muda mrefu, aliyefariki akaacha binti wa miaka kumi na mdogo wake wa kiume. Baba yao yuko safarini Tanga muda mwingi. Ikaamuliwa kwamba skuli zikifungwa, watoto watakwenda kwa shangazi yao, Wingwi, kaskazini kabisa. Huko hawakuwa na mtu aliyemjua mama yao vizuri isipokuwa shangazi mwenyewe. Muosha alimuosha yule mama, akapewa furushi kama kawaida. Akakata viraka. Alipoanza kushona, vidole vikakataa. Sindano ilikuwa inamponyoka, na akiishika kwa nguvu, viungo vinavimba mpaka jioni hawezi kukanda unga. Alinionyesha kazi ya wiki nzima: mstari mmoja na nusu, umepinda kama njia ya mbuzi.

"Skuli zitafungwa kabla sijafika katikati," akasema. "Wataondoka bila kitu."

Alikuwa amekwisha kuwauliza mafundi wote wa nguo. Mmoja alimwambia anunue ile kubwa ya kiwandani. "Bei yake ng'ombe na ndama wake," akaniambia. Mwingine alimsifia ya miguu, lakini magoti yake hayakubali hata kurukuu, sembuse kukanyaga ubao asubuhi mpaka adhuhuri. Mpwa wake wa Maskati alimtumia kwenye simu picha za cherehani ndogo nyeupe za umeme, nyepesi, rahisi, akamwambia hizo ndizo watu wanazoshonea mifarishi majumbani. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha hiyo, na hakuwa na nyingine ya kubahatisha.

Tukaenda Chake Chake, yeye na mimi. Mkobani alibeba kibunda alichokifunga kwa uzi: kipande cha khanga, kipande cha blanketi, kipande cha shuka, kisha vikakunjwa tena, mfano wa mahali pale ambapo viraka vinne hukutana na kitambaa huwa kinene kama ngozi ya kisigino. Alikuwa hana haja ya kuulizia jina la cherehani wala nchi ilikotoka. Itakayokula kibunda kile ndiyo yake.

Duka lilikuwa kubwa, na mwenye duka ni mtu wa adabu, mwenye haraka. Alimtolea ile nyeupe. Ubavuni ilikuwa na picha za mishono: maua, mawimbi, majani.

"Hii inafanya yote hayo, Bibi. Unageuza hapa tu."

"Mie nataka mmoja. Unaokwenda mbele."

"Huo pia upo."

Akatoa kibunda. "Basi jaribu kwa hiki."

Mwenye duka akakitazama kama mtu aliyeletewa kiatu akishone. "Hicho kitavunja sindano, Bibi. Dukani tunajaribu kwa kitambaa chepesi."

"Ikivunja kwako, kwangu haitavunja?"

"Kwako utaizoea."

Akapitisha kitambaa chepesi, na kweli, ilikwenda kama maji. Muosha akatazama. Nikajua anawaza ile kalenda ya skuli. Kisha akasema, pole pole, kama anayesoma somo lake: "Haya. Nanunua kwa sharti ya khiyari. Siku tatu. Nikiona haifai kazi yangu, narudisha. Umeridhia?"

Mwenye duka alikuwa anafunga boksi huku simu imebanwa kati ya sikio na bega. "Haya, haya, Bibi."

Akanigeukia. "Mwalimu, umesikia."

"Nimesikia," nikasema.

Khiyari hiyo alijifunza kwangu, na si ajabu yoyote. Kila anayesoma fikihi ya biashara huisoma. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kupatana siku zisizozidi tatu, na ndani yake bei inaweza kuvunjwa. Wengi huisoma na kuiacha msikitini pamoja na mkeka.

Nyumbani, mimi ndiye niliyechomeka waya, kwa kuwa yeye alisimama uani mpaka nilipomwambia tayari. Kiraka kwa kiraka, cherehani iliimba. Tukafurahi. Tukaunga uso wote wa mfarishi kabla ya magharibi, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Asubuhi yake tukaweka blanketi na shuka, na hapo ikaanza kuguna. Ikifika pale viraka vinapokutana, ilisimama ikitetemeka, uzi ukajisokota chini ukafanya kiota, sindano ikapinda, ikakatika. Tukatia nyingine. Ikakatika. Ya mwisho ilipokatika, ukatoka moshi mdogo wenye harufu ya mpira, naye akaruka mpaka mlangoni.

Akarudi pole pole, akaitazama.

"Hii ya kushonea shela la bibi harusi," akasema. "Mie sina bibi harusi hapa."

Nikamwambia, kwa kuwa ndiyo tabia yangu na ndivyo nilivyolelewa, "Dada, tusubiri. Subira ni jambo jema. Pengine tutapata fundi wa kuitazama."

"Subira ni kwa jambo la Mungu," akasema. "Hii plastiki."

Akaifuta, akairudisha boksini kama ilivyokuwa, na siku ya tatu tukawa tena Chake.

Ukutani juu ya kichwa cha mwenye duka kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Alituona na boksi. Aliinua kidole tu, akaionyesha.

"Nimeiona," Muosha akasema. "Hiyo inasema na walionunua kimya. Mie nilisema."

"Bibi, hiyo ndiyo sheria ya duka."

"Na khiyari ndiyo sheria ya nani?"

Wateja wakaanza kusogea karibu. Mwenye duka akacheka kidogo, akajaribu njia nyingine. "Sema kweli, Bibi. Unaogopa umeme tu."

"Naogopa, ndiyo. Naogopa na Moto wa Jahanamu. Lakini sicho kilichonirudisha. Nimerudi kwa sababu haishoni."

"Nani shahidi kwamba tulipatana?"

"Nipo," nikasema.

Akanitazama kama niliyemvunjia heshima. "Na wewe, Mwalimu?"

"Aliuliza umeridhia, ukasema haya, haya. Mwanangu, katika biashara, haya ni neno."

"Nilisema tu ili…"

"Ili kizee kinyamaze," Muosha akamalizia. "Sasa kizee kimerudi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua vifungo akamnong'oneza mwenziwe, lakini mnong'ono wa mtu aliyeshtuka husikika duka zima: "Huyu si yule muosha wa Kengeja?" Nafasi ikapatikana mara moja. Watu wakajibana kwenye rafu. Muosha akageuka, akawatazama mmoja mmoja.

"Msiogope. Sijaja kazini."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule wa vifungo. Muosha akamrudia mwenye duka, akamwambia kwa upole ambao sikuutarajia: "Sikutishi, mwanangu. Wewe hata si wangu, wewe una waosha wanaume wako. Ila neno lako n'nalo, na nitakaa nalo hapa mpaka ulichukue."

Akaketi juu ya boksi.

Nilimwona mwenye duka akiitazama karatasi yake, akimtazama yeye, akiwatazama wateja ambao sasa hawakuwa na haraka ya kununua. Si mtu mbaya. Alivuta pumzi akasema pesa ameshaiagizia mali nyingine, hawezi kuirudisha, lakini achague kitu kingine dukani na yaishe.

Hapo ndipo Muosha alipoonyesha mlango. Mlango wa duka ulikuwa umezuiwa usijifunge, na kilichouzuia kilikuwa cherehani ya mkono, ya zamani, chuma kitupu, rangi yake nyeusi imebanduka, maandishi yake ya dhahabu yamefutika.

"Ile?"

"Ile, Bibi, ni kizuizi. Mtu aliiacha nikampunguzia bei ya mpya. Haina chochote. Mshono mmoja tu."

"Unakwenda mbele?"

Ikapandishwa mezani. Ilikuwa nzito, ikatikisa meza. Mwenye duka mwenyewe, na hili namshukuru, alitia mafuta, akatia uzi, akaizungusha mara mbili tatu mpaka kutu ikalegea. Muosha akatoa kibunda, akakiweka chini ya sindano, akashika mpini wa gurudumu kwa kiganja chote, si kwa vidole. Akazungusha. Chuma kikasema kwa sauti nzito, taratibu, kikapanda ule unene bila kusita, kikashuka upande wa pili. Akageuza kibunda. Chini, mshono ulikuwa sawa na juu.

"Imekula," akasema.

Kwa kile kilichozidi katika bei alichukua sindano nene na nyuzi. Tulipokuwa tunatoka, mwenye duka akauliza, nusu kwa mzaha, mlango wake sasa autegemeze kwa nini.

"Tafuta jiwe," akajibiwa.

Wale wanaonunua cherehani kwa ajili ya kazi kama hii huniuliza siku hizi, kwa kuwa wanajua nilikuwapo. Nawaambia alichoniambia yeye njiani tukirudi: usitazame inafanya mangapi, tazama inakataa nini. Na nenda na kibunda chako.

Tulishona hadi skuli zikafungwa. Cherehani ya mkono inataka mkono mmoja wa kuzungusha, na mfarishi ni mpana, haupiti wote chini ya chuma. Kwa hiyo tuliukunja kama mkeka, yeye akawa anaulisha upande huu, mimi napokea upande ule. Nilizoea kumfundisha, sasa nikawa nafokewa. "Mwalimu, usivute! Pokea! Kupokea si kuvuta." Darsa yangu ilianza kwa kuchelewa siku kadhaa, na wanawake wakanisamehe. Wengine walikuja kutazama kutoka mlangoni, wasiingie.

Shangazi wa wale watoto alikuwa ameshatuma salamu kutoka Wingwi: nguo za maiti haziingii nyumbani kwake, ana wadogo. Muosha alisikia, akaendelea kuzungusha.

Shangazi alikuja kuwachukua watoto siku ya Alkhamisi, akalala kwa jamaa, na asubuhi ya Ijumaa akaketi barazani kwa Muosha kungoja gari ya Chake, kwa kuwa ndipo inaposimama. Kulikuwa na ukungu na saruji ya baraza ilikuwa baridi. Muosha akaingia ndani, akatoka na mfarishi, akautandika. "Kaa hapa, mwanangu. Baridi hii itakuingia kiunoni."

Nilikuwapo. Nilikuwa nimeleta chai. Nilimtazama usoni, naye hakunitazama.

Shangazi akaketi, akanywa chai, akaanza kupapasa viraka kwa kiganja, kama mwanamke yeyote anavyofanya akiona kazi ya mkono. "Maashaallah. Kazi hii! Mmeinunua wapi?"

"Imeshonwa hapa hapa."

"Hamuuzi?"

"Una wenyewe."

Akaendelea kupapasa. Kisha kiganja kikasimama juu ya kiraka chekundu chenye pindo la michoro ya korosho. Akakikodolea macho. "Hii… wifi yangu alikuwa na…"

"Ndiyo," Muosha akasema. "Umeikalia muda wote huu, umenywa na chai juu yake. Umekufa?"

Shangazi akaruka kama aliyekalia mbigili. Akasimama mbele ya baraza, mkono kifuani. Nilifikiri sasa yatatoka matusi. Kitu kilichotoka kilikuwa kicheko, kibaya, kilichokatikakatika, na katikati yake kikageuka kuwa kilio. Akarudi, akapiga magoti juu ya ule mfarishi, akatafuta kiraka kingine, na kingine. "Hii alivaa siku ya harusi yangu," akasema. "Hii nilimpa mimi."

Binti akatoka na mkoba wake. Gari ikapiga honi. Shangazi ndiye aliyeukunja mfarishi, kwa mikono yake, akapanda nao gari akaupakata mapajani. Hakuomba radhi, wala Muosha hakuingoja. Alikuwa ameshaanza kumfokea yule mdogo wa kiume kwamba afunge kamba za viatu kabla hajaanguka.

Baadaye nilimwambia kuwa mtego ule haukunipendeza. "Sikusema uongo hata neno moja," akasema. "Kaniuliza wapi, nimemwambia hapa." Hadi leo nalipima jambo hilo, na kila nikilipima nafurahi.

Sasa kuna nyumba ambazo huja zenyewe kumwambia, Bibi, hizi ni za mama wa watoto, tushonee. Nyingine bado humwaga maji kizingitini. Yeye hupita zote mbili kwa mwendo ule ule.

Juzi, saa saba na nusu, jua likiwa limesimama, aliniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mwalimu! Njoo! Na uje na mtu!"

Nikadhani ameanguka. Nikamshika mkono mkaza mwanangu, tukapita mlango wa ua mbio. Alikuwa ameketi mkekani, cherehani mbele yake, mzima, amefungua makasha yake mwenyewe. Yalikuwa matupu. Zimebaki khanga za kubadilisha na ile anayosalia. Nyingine zote, za harusi yake, za Idi, ile ya zambarau ambayo alikuwa haiazimi mtu, alikuwa amezikata na kuzishona, na mfarishi ulikuwa mapajani mwake, umekwisha.

"Dada," nikasema, "umefanya nini? Uko hai."

"Ndiyo maana nimeweza kushona." Akang'ata uzi, akautema. "Sina mtoto. Nikifa mtafunga furushi, mtampa atakayeniosha, naye ataliweka kashani na kuogopa. Sitaki. Atakayeniosha asikute kitu cha kubeba. Akija, aje kwa thawabu." Akaninyooshea. "Hii yako. Si urithi, si ujira. Nakupa nikiwa na akili zangu, na huyu mtoto anasikia. Sema umepokea."

Nilipokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilitaka kusema neno lenye faida, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikakuta sina isipokuwa mzaha wake mwenyewe.

"Nimepokea. N'na khiyari ya siku tatu?"

"Weye huna," akasema, ameshaugeukia mpini. "Mali ikishatoka hairudishwi."

Mkaza mwanangu akashika njia ya mlango wa ua, tuliopita tukija. Nikamwambia hapana, watu wauone. Nikautupa mfarishi mabegani, katika joto lile, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikapita barabara kuu, taratibu, nikimwamkia kila niliyemkuta.